Doli wa mtandaoni amekuja ananuka sigara. Nirudi dukani?

Shangazi, assalaam aleikum.

Naomba usome barua hii mpaka mwisho, ndipo ucheke. Nina miaka 41, nina mume, nina watoto wawili, na nakusanya wanasesere. Si wa watoto kuchezea, ni wangu mwenyewe. Nimefikisha kumi na saba, karibu wote Barbie, na wamekaa kwenye kabati la vioo hapa sebuleni kwetu Mombasa, pale ambapo nyumba nyingine huweka vikombe vya wageni.

Chanzo ni mjomba. Alikuwa baharia, na mwaka 1995 alirudi safari na boksi lililoandikwa Kenyan Barbie. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Doli mwenyewe alikuwa mweusi, nywele fupi zimelala kichwani kama zangu za shule, nguo nyekundu, mapambo ya ushanga shingoni. Madoli wote niliowahi kuwaona kabla yake walikuwa na nywele za manjano za kufika kiunoni. Nilikaa naye miezi mitatu. Siku ya Idi tukapata mgeni kutoka Malindi na mtoto wake. Mtoto akamwona doli, akaangua kilio, na mama akanyoosha mkono rafuni akampa. Hakuniuliza. "Mtoto wa mgeni hatoki kwangu na machozi," akasema. Machozi yakabaki kwangu. Mama yu hai na tunapendana, lakini hilo sijalisahau.

Basi mwaka jana nikamwona mtandaoni. Yuleyule, nguo ileile nyekundu. Muuzaji yuko Marekani, ameandika kwamba hajawahi kutolewa ndani ya boksi, na anataka dola 65. Picha ilikuwa moja tu, ya mbele. Kwa kuwa hakuwa anatuma Kenya, nikampa anwani ya ghala la wakala wa mizigo hukohuko Marekani, na wakala nikamwambia apunguze uzito kadiri awezavyo, maana wanatoza kwa kilo.

Wiki tano baadaye nikaitwa kuchukua mzigo. Ulikuwa ndani ya mfuko wa nailoni. Katoni ya nje imetupwa. Boksi la Barbie limebonyea kona mbili, na dirisha lake la plastiki limeingia ndani hadi puani mwa doli. Kugeuza chini, nikaona selotepu juu ya selotepu: ya zamani imegeuka rangi ya chai, ya juu yake mpya inang'aa. Na harufu, Shangazi! Sigara, tena si ya kubahatisha. Mume wangu alikuwa chumba cha pili akauliza nani anavuta. Miguu ya doli nayo inanata. Ukiigusa, vidole vinabaki kama vimeshika haluwa.

Nikalalamika. Muuzaji akasema mzigo ulifika ghalani salama, yaliyotokea baadaye si shauri lake. Wenye mtandao wakasema vivyo hivyo. Wakala akanijibu, "Si wewe uliyesema nipunguze?"

Mwezi uliopita nilikuwa Nairobi kwenye harusi, nikaingia duka moja la vitu vya watoto kwenye jumba la maduka. Nikamkuta Barbie mpya wa wakusanyaji, ambaye Marekani ni dola 35. Pale, shilingi 9,500! Nikatoka mikono mitupu na hasira. Mume wangu anasema afadhali hiyo 9,500 ninayoishika mkononi kuliko dola 65 za moshi. Mimi naona duka linaniibia mchana, na mtandao unaniibia usiku.

Nifuate lipi? Na huyu anayenuka nimtupe? Mwingine wa kunichanganya ni binti yangu, anataka Labubu, wale vidoli vya manyoya vyenye meno, na wapo kila kona ya mji kwa bei ya soda na mandazi. Halafu mama mkwe huja kukaa nasi Ramadhani, na kila nikiamka nakuta amewageuza wote kumi na saba wakatazama ukuta.

Mama Madoli, Mombasa

*

Waaleikum salaam mwanangu.

Sikucheka. Nilicheka kidogo tu hapo kwa mama mkwe, na nitamrudia.

Mumeo ana haki, lakini nusu. Angekuwa na haki yote kama huyo doli wa mjomba angekuwa anauzwa dukani. Hauzwi. Ni toleo la 1993, katika mfululizo wa Barbie wa mataifa ambao Mattel, kampuni inayomtengeneza Barbie, waliuanzisha 1980, na duka la vitu vya watoto huuza kilichotoka kiwandani juzi. Hata uzunguke Nairobi nzima na kiatu kikatike, hutamkuta kwenye rafu. Mpya na wa zamani ni biashara mbili tofauti, nawe umezitia kapu moja, ndiyo maana zote mbili zimekuuma.

Nianze na duka, maana umelionea.

Barbie mpya rangi ya macho, nyusi na midomo hupigwa na mashine, maelfu kwa maelfu, na mashine huteleza. Mtandaoni unaona picha moja iliyopigwa na kampuni, ya doli aliyechaguliwa awe mzuri kuliko wenzake. Atakayekufikia wewe ni yeyote aliyekuwa karibu na mkono wa mtu wa ghala. Niliwahi kwenda kumnunulia binti wa rafiki yangu doli wa kuhitimu, nikamwomba kijana wa dukani anishushie wote watano wa aina ile. "Mama, si wote ni sawa?" Nikawapanga kwenye kaunta, nikawaangalia mmoja mmoja chini ya taa. Wa kwanza jicho la kushoto lilikuwa linatazama pua. Wa pili nyusi imepanda kama mtu aliyeulizwa deni. Wa tatu ana nukta ya rangi shavuni. Wa nne mzuri, lakini mshono wa nywele umeacha kipara juu ya paji. Nikamchukua wa tano. Yule kijana hakusema kitu, ila nilimwona akiwarudisha wale wanne polepole huku akiwatazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Hicho ndicho unacholipia dukani: kuchagua uso. Kwa mtu anayekusanya, uso ndio doli.

Sasa hiyo 9,500 iliyokukera. Chukua kalamu tuhesabu. Doli dola 35. Posta ya ndani ya Marekani mpaka ghalani kwa wakala, tuseme dola 9. Wakala atoze dola 14 kwa kilo. Wewe unajiambia doli hafiki nusu kilo, kwa hivyo ni kitu kidogo. Lakini mizigo ya ndege haipimwi kwa uzito peke yake. Hupimwa na ukubwa pia, na unatozwa ile namba iliyo kubwa. Katoni ya kawaida ya kumlinda doli wa boksi, sentimita 40 kwa 30 kwa 15, ni sentimita za ujazo 18,000. Wengi hugawa kwa 6,000, wengine kwa 5,000. Kwa 6,000 unapata kilo tatu. Doli wako mwepesi kama andazi anasafiri kwa nauli ya kilo tatu, dola 42. Jumlisha: 35, na 9, na 42, ni dola 86. Kwa dola moja shilingi 129, hiyo ni kama 11,000.

Duka lilitaka 9,500, na ndani ya bei hiyo wameshalipa ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, ambayo huhesabiwa juu ya bei, nauli, bima na huo ushuru wenyewe. Wao huleta makasha mengi kwa meli, ndiyo sababu wanaweza. Kwa hivyo hakuna aliyekuibia mchana, mwanangu. Ungeninunulia hata mimi mmoja.

Hesabu hiyohiyo inakueleza kilichompata doli wako mwekundu. Wakala hakuitupa katoni kwa uvivu. Ulimwambia apunguze, na kwa doli wa boksi hakuna cha kupunguza isipokuwa hewa, na hewa ndiyo iliyokuwa inalinda zile kona. Siku nyingine mwambie hivi kwa maandishi: mzigo usifunguliwe, katoni ya muuzaji ibaki kama ilivyo. Utalipa zaidi. Kama kulipa zaidi kunauma, basi doli huyo si wa kusafirishwa na wakala.

Na kuna jambo baya zaidi ambalo watu wengi hulijua wakishaumia. Masoko makubwa ya mtandaoni yana dhamana ya kukurudishia pesa ikiwa kitu hakikuja kama kilivyoelezwa. Dhamana hiyo humlinda mnunuzi mpaka mzigo ufike kwenye anwani aliyoitoa. Ukishatoka hapo kwenda anwani nyingine, eBay kwa mfano wanakuhesabu umetoka nje ya kivuli chao. Ghala la wakala lilikuwa ndiyo nyumba yako machoni mwa mtandao. Wewe ukiwa Mombasa unasubiri, saa yako ya kulalamika ilikuwa inakimbia huko ng'ambo, na hakuna aliyekuwa amefungua boksi kulitazama.

Je, huna mtu Marekani? Familia za Mombasa hazikosi mtu. Kama yupo, mzigo uende kwake, aufungue siku hiyohiyo, akupigie simu ya video dirishani penye mwanga, na umtazame doli juu, chini, ubavuni. Na anuse! Akiwa na kasoro anamrudisha kwa posta ya kwao, ndani ya siku zilizoandikwa. Akiwa sawa akae kabatini kwake mpaka mtu atakapokuja likizo, apandishwe ndege kwenye begi la mkononi kama abiria. Umengoja miaka thelathini. Miezi minane haitakuua.

Kuhusu ile picha moja, hapo nakulaumu waziwazi. Picha moja ya mbele ni ya mtu anayeuza, bado si ya mtu anayenunua. Mwombe boksi pande zote sita, na vifuniko vya juu na chini kwa karibu, mahali selotepu ilipo. Selotepu ya kiwandani imelala safu moja na imezeeka pamoja na boksi lake. Ukiona mbili, mtu ameingia humo ndani. Mwombe uso, masikio, mstari wa nywele, miguu. Kwa masikio kuna sababu: hereni zenye pini ya shaba zikikaa miaka kwenye plastiki laini huacha doa la kijani linaloenea shavuni, na muuzaji mjanja humpiga picha nywele zimefunika. Kwa nywele, kuna Barbie waliotiwa gundi ndani ya kichwa ili nywele zishike, na gundi hiyo hutoka taratibu mpaka nywele zinashikana kama zimepakwa asali. Halafu mwambie aweke pembeni ya doli karatasi yenye tarehe ya leo, kwa mwandiko wake. Wanaoiba picha za watu wengine hukwama hapo, ghafla wanakuwa na haraka, au na mgonjwa hospitalini.

Kuna vitu ambavyo picha haina pua navyo. Uliza kwa maneno: nyumbani humo kuna anayevuta? Doli alihifadhiwa wapi, kabatini au darini penye joto? Umewahi kumfungua? Akikujibu kwa maandishi kwamba hapana, na doli akaja na moshi, una ushahidi. Asipojibu, umejibiwa.

Kulipa, usikubali kamwe maneno matamu ya "tuma kama rafiki, tuokoe makato". PayPal wana njia ya kulipia bidhaa na njia ya kumtumia jamaa. Ya bidhaa inakupa siku 180 za kufungua malalamiko. Ya jamaa haikupi hata moja, kwa sababu umesema mwenyewe ni jamaa.

Usidanganywe pia na tarehe. Geuza Barbie wako wengi, utakuta mgongoni au kwenye makalio pameandikwa 1966. Hiyo ni tarehe ya hakimiliki ya umbo la mwili, na umbo hilo lilitumika miongo mingi baadaye. Kila wiki mtu anaweka mtandaoni doli wa miaka ya tisini akamwita wa 1966, na bei ikapanda naye. Wengine hawadanganyi, wamesoma tu walichokiona na wakafurahi.

Kwa madoli wa zamani kabisa siri huwa mahali pasipotarajiwa. Barbie wa kwanza, aliyeonyeshwa New York Machi 1959 na kuuzwa dola 3, ana matundu kwenye nyayo, na ndani yake mirija ya shaba ya kumsimamishia kwenye stendi. Toleo lililofuata halina matundu. Mwaka 1994 Mattel walitoa nakala ya ukumbusho yenye vazi lilelile la kuogelea la mistari myeusi na myeupe. Anayemtaka yule wa kwanza kwelikweli haombi picha ya uso. Anaomba nyayo. Nakueleza haya si kwa kuwa una pesa za kumnunua huyo (kama unazo, andika tena, tuna mambo ya kuzungumza) bali uone kwamba mkusanyaji humjua doli kabla hajamwona. Anayemjua hivyo anaweza kununua mtandaoni. Asiyemjua akanunue dukani mpaka amjue.

Duka nalo lisikupe usingizi mzito. Uchochoroni, kwenye vioski vya kila kitu, wapo madoli wa boksi la waridi ambao si Barbie ila kwa ukoo wa kudhania. Mbonyeze kifua: ikiingia ndani kama chupa ya maji, muache hapohapo. Wa kweli kiwiliwili ni kigumu, na wengi wa zamani goti likikunjwa unasikia linalia "tik" ndani ya mguu.

Na kwa nini huendi soko la Kongowea, hapohapo Mombasa? Nauliza kwa dhati. Marobota ya mitumba hayaji na nguo tu, yapo ya vitu vya watoto, na humo hulala madoli ambao mtu wa Ulaya alitoa sadaka alipohama nyumba. Utamkuta kiatu kimoja, nywele zimefumana, vidole vimetafunwa na mbwa. Utampata kwa shilingi mia, utamgeuza, utamnusa, utamkunja goti papo hapo bila kumwandikia mtu barua pepe. Usitegemee kumpata Mkenya wako humo. Tegemea kuujua mkono wako. Mtu aliyeosha madoli kumi wa mitumba hadanganyiki na picha.

Bei nayo. Wauzaji wakiandika "adimu", usichukulie ni hadithi ya kweli. Mtandaoni tazama bei ya waliokwisha kuuzwa, siyo ya wanaoomba. Ya kuomba hata mimi naweza kuomba dola elfu kwa sufuria yangu. Mkenya wako wa 1993 alitengenezwa kwa wingi na hujitokeza mara kwa mara. Yakufundishe yaliyompata Barbie wa Krismasi, aliyeanza 1988 na gauni jekundu. Wamarekani wakasikia atapanda bei, miaka ya tisini wakanunua maboksi kwa maboksi wakayafungia. Leo maboksi hayo yamejaa sokoni, na mengi huuzwa chini ya bei yaliyonunuliwa. Mumeo akikuuliza kama kabati hilo ni akiba, usimwambie ndiyo. Mwambie ni kabati.

Huyo anayenuka usimtupe. Boksi lishaharibika, kwa hivyo kimemwondokea kile ambacho wanunuzi wa maboksi hulipia, nawe huna tena sababu ya kumwogopa. Mtoe. Nguo zake zifue kwa mkono, maji baridi, sabuni kidogo, na kwanza jaribu kona ya ndani kwa pamba yenye unyevu uone kama ile rangi nyekundu inatoka. Ikitoka, usifue, uzipunge tu kivulini. Miguu ioshe kwa sabuni ya vyombo, ikauke kabisa, kisha ipake poda ya mtoto. Huko kunata ni mafuta yanayolainisha plastiki, yanapanda juu kwa uzee na joto, na joto la Mombasa halimsaidii. Yatarudi, utaosha tena. Kisha mweke ndani ya ndoo yenye kifuniko pamoja na bakuli la bekingi soda, asigusane nayo, wiki tatu au nne, ukibadilisha soda kila wiki. Moshi utapungua sana. Boksi lenyewe halitaacha kunuka, karatasi haisahau. Likate ile sehemu yenye jina, uitie fremu, lililobaki litupe.

Na wote kumi na saba waondoe kwenye jua kama kabati linatazama dirisha. Usiwafunge kwenye nailoni, wala usiwaache na zile bendi za mpira walizokuja nazo viganjani. Huacha alama isiyotoka.

Labubu, kwa kifupi: wa kweli ana meno tisa. Mwambie binti yako ahesabu. Wengi wa wale wa bei ya mandazi wana meno kumi au manane, na manyoya yanatoka ukivuta kidogo. Akisema hajali, anataka tu wa kuning'iniza kwenye begi, mnunulie wa mandazi na usimfanye mkusanyaji kwa nguvu. Lakini usimlipie bei ya wa kweli mtu wa barabarani, hata akikuonyesha boksi lenye nembo. Boksi nalo huigizwa.

Sasa mama mkwe. Mwanangu, yule mama anaswali sebuleni kwako na vichwa kumi na saba vinamtazama. Hakukuambia uwachome, amewageuza tu, na mimi naona amekuvumilia kuliko ulivyomvumilia. Nunua kitambaa kizuri, ushone pazia la kabati, uliteremshe kabla hajafika. Hutalazimika kueleza kitu, na jua halitawachubua.

Sasa nikuamulie. Wapya, nunua dukani, ukienda Nairobi na nafasi ya kuwapanga kwenye kaunta, na bei ile uilipe bila kununa. Mkenya wa 1993, mtandaoni, kupitia jamaa, baada ya picha zote nilizotaja. Ila usimnunue mwezi huu. Kabla hujamtumia mtu mwingine hata dola moja, keti na mama yako jioni moja, umpelekee kahawa na kashata, umuulize bila ugomvi yule mgeni wa Idi kutoka Malindi alikuwa nani, na mtoto wake anaitwa nani. Mtoto aliyelia 1995 leo ni mtu mzima, na bila shaka ana simu.